Maziwa Hayalipi Hewa ya Mfanyakazi

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuizungumzia haki moja ya mfanyakazi ambayo haitajwi sana mimbarini wala majumbani, nayo ni haki ya kuvuta hewa isiyomdhuru pale anapochuma riziki yake. Tumechagua kuitazama haki hiyo katika viwanda vidogo vya kupiga chapa, kwa sababu hakuna nyumba ya Kiislamu isiyokuwa na kitu kilichotoka humo. Ratiba ya Ramadhani iliyobandikwa nyuma ya mlango, kadi ya harusi, juzuu ya mtoto wa madrasa, kalenda ya msikiti, fulana za vijana wa maulidi, yote hayo yamepita katika mikono ya mpiga chapa kabla ya kufika katika mikono yetu.

Wengi wetu tunaijua karatasi iliyokwisha chapwa, lakini hatuijui kazi iliyofanyika nyuma yake. Mashine ya ofseti haichapi rangi moja ikaendelea na nyingine hivi hivi. Kila wino unapobadilishwa, hapana budi kuzisafisha rola na lile blanketi la mpira linalopeleka wino kwenye karatasi. Mfanyakazi huchukua kitambaa, akakichovya katika petroli, mafuta ya taa, tina au dawa nyingine iyeyushayo wino, kisha akafuta. Anayechapa fulana kwa skrini naye huiosha skrini yake kwa tina baada ya kila kazi. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku, mikono mitupu, kichwa kimeinama juu ya mashine, na mvuke unapanda moja kwa moja usoni pake.

Sasa tazama chumba chenyewe. Mara nyingi ni chumba cha nyuma cha duka, au ghorofa ya chini ya ardhi, kwa kuwa kodi yake ni nafuu. Dirisha hakuna, au lipo na limezibwa kwa rafu za karatasi. Mlango hufungwa ili vumbi lisiingie kwenye kazi, na usiku hufungwa kwa kuogopa wezi. Feni inazunguka, na mwenye duka huona ameleta upepo, kumbe feni hiyo inaizungusha hewa ile ile. Mvuke wa petroli na tina ni mzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini na kujikusanya pale unapokosa njia ya kutokea. Pua nayo si shahidi wa kutegemewa. Mtu akiingia chumbani humo mara ya kwanza, harufu humchoma. Akikaa kwa muda, pua huzoea na harufu humpotea. Atasema amezoea, na ukweli ni kwamba pua ndiyo iliyozoea, wala si mapafu yake, ini lake wala mishipa yake ya fahamu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye maziwa. Katika miji yetu imekuwa ada kwamba wanaofanya kazi zenye mvuke, rangi au vumbi hupewa pakiti ya maziwa kila siku, na mwenye kiwanda huhesabu kuwa amewakinga. Wafanyakazi wenyewe huyadai maziwa hayo na hulalamika yakikosekana. Hatuwalaumu, kwani waliambiwa hivyo na waliowatangulia. Lakini tuseme wazi: maziwa ni chakula chema, na kumpa mfanyakazi chakula ni ihsani yenye thawabu, ila si kinga ya mvuke. Maziwa hushuka tumboni. Mvuke huingia mapafuni, kutoka hapo hupita kwenye damu, na damu huupeleka kwenye ubongo, ini na figo. Njia hizi mbili hazikutani kwa namna ya kuwezesha maziwa kuuosha mvuke. Na kama mtu bado ana shaka, ajiulize swali dogo: mwezi wa Ramadhani, mfanyakazi amefunga, hayo maziwa hanywi mpaka jua lizame. Je, mchana kutwa wa mwezi mtukufu huwa hana kinga yoyote? Tena siku hizo akishikwa na kizunguzungu na kichwa kikimuuma, wenzake humwambia ni swaumu, avumilie.

Madhara yenyewe hayafanani. Yapo yanayokuja papo hapo: kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuwasha, ulevi usiokuwa na kileo, na mtu aliyelewa namna hiyo huweza kuingiza vidole kwenye rola zinazozunguka. Na yapo yanayokuja pole pole. Petroli ndani yake mna benzeni, ambayo imethibitika kusababisha saratani ya damu. Toluini, iliyomo katika tina nyingi, hudhuru ubongo kwa anayeivuta kwa wingi na kwa muda mrefu, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Heksani hula mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Mtu huanza kwa ganzi vidoleni, na baadaye miguu hukosa nguvu. Dikloromethani ikiingia mwilini hugeuka kuwa hewa ile ile ya sumu itokayo kwenye jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa. Ngozi nayo si ukuta. Sehemu ya dawa hizi hupenya kupitia mikono inayoshika kitambaa.

Asije mtu akadhani tunatia chumvi. Mjini Osaka, nchini Japani, palikuwa na kampuni iliyochapa nakala za majaribio, yaani nakala chache za kuonyeshwa mteja kabla ya kazi yenyewe. Kazi ya namna hiyo hubadili rangi kila mara, na kila badiliko hudai blanketi lifutwe. Wafanyakazi walifutia dawa zilizokuwa na dikloropropani na dikloromethani, katika chumba ambacho sehemu ya hewa iliyovutwa nje ilirudishwa ndani, na bila ya kupewa barakoa zinazozuia mvuke. Mwaka 2012 habari zilitoka hadharani kwamba vijana waliofanya kazi humo walikuwa wakiugua saratani ya mifereji ya nyongo, maradhi ambayo kwa kawaida huwapata wazee. Uchunguzi wa Shinji Kumagai na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, uliwataja wagonjwa 11 miongoni mwa wanaume 62 waliofanya kazi katika idara hiyo. Maradhi yao yaligunduliwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 25 na 45, na sita kati yao walikuwa wamekwisha fariki. Mwaka huo huo serikali ya Japani iliwatambua wafanyakazi 17 wa kampuni hiyo kuwa waliugua kwa sababu ya kazi yao. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka dikloropropani katika kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani.

Hatusemi kwamba maduka yetu yote yanatumia dawa ile ile ya Osaka. Tunasema kwamba kisa hicho kina mazingatio mawili. La kwanza, wakati ule sheria za Japani zilikuwa hazijaiwekea dawa hiyo masharti makali. Masharti yalikuja mwaka 2013, baada ya watu kuzikwa. Basi asijitetee mtu kwa kusema kuwa dawa anayotumia inauzwa dukani bila ya kizuizi. La pili, Japani ni nchi tajiri yenye wakaguzi, hospitali na kumbukumbu za kila mfanyakazi, na hata hivyo ilichukua miaka mingi mpaka vifo vile vikaunganishwa na chumba kimoja. Kwetu sisi, kijana wa kiwandani akiugua hurudishwa kwao, hutafutiwa dawa za kila aina, hufariki, tukamsalia na kumwombea. Nani kati yetu huuliza alikuwa akifutia wino kwa kitu gani, katika chumba cha namna gani, na kwa miaka mingapi?

Ndugu zetu, sharia yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Maulamaa wameyataja makusudio makuu ya sharia kuwa ni kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mvuke tuliouelezea unagusa matatu kati ya hayo kwa pamoja: nafsi ya mfanyakazi, akili yake inayoleweshwa, na kizazi kilicho tumboni mwa mama afanyaye kazi humo. Ipo pia ile kanuni kubwa ya fiqhi inayokataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe, na inayotaka kila dharara iondolewe inapodhihirika. Na ipo kanuni nyingine ambayo wafanyabiashara wanaijua vizuri katika mauzo lakini huisahau katika ajira: anayechuma faida ya kitu ndiye anayebeba na mzigo wake. Haiwi halali kwa insafu kwamba faida ya uchapaji iende kwa mwenye mashine, na gharama yake ilipwe na ini la mfanyakazi.

Sote tunaikariri hadithi inayotuamuru kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Hiyo ni haki ya jasho. Lakini anayemlipa mtu ujira wake kwa wakati, huku akimchukulia afya yake bila ya idhini wala badali, amelipa deni moja na kubaki na jingine kubwa zaidi. Kadhalika Mtume (S.A.W.) amemzuia aliyekula vitunguu saumu kuingia msikitini na harufu yake, ili asiwaudhi watu. Ikiwa harufu ya chakula cha halali, isiyoua mtu, imepewa uzito huo kwa ajili ya raha ya wanaosali, vipi basi mvuke unaoharibu damu, kwa mtu ambaye hana hiari ya kusogea mbali?

Na wanazuoni wetu wa kale hawakuishia kwenye mawaidha, bali waliiingiza hewa katika usimamizi wa masoko. Al-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 12, aliandika mwongozo wa muhtasib, yaani msimamizi wa soko. Alipowafikia waokaji mikate, alitaka paa za maduka yao ziinuliwe na matundu mapana yafanywe ili moshi upate njia ya kutokea, watu wasidhurike. Tazameni, enyi ndugu: zaidi ya miaka 800 iliyopita, mkaguzi wa Kiislamu alipoingia dukani hakutazama mizani na unga tu, alitazama na moshi unakwenda wapi. Yapo maduka katika miji yetu leo ambayo yasingepita ukaguzi huo.

Tumezisikia hoja za wenye viwanda, na ni haki kuzijibu. Wapo wanaosema mfanyakazi ameridhia mwenyewe, kwani hakushikiwa fimbo. Ridhaa katika fiqhi inahitaji ujuzi. Kijana aliyeambiwa kuwa maziwa yanamkinga hakuridhia hatari, ameridhia maziwa. Na yule anayeijua hatari lakini ana watoto wanaosubiri unga, ridhaa yake ni ya dharura, wala haimhalalishii mwenye mali kuitumia njaa yake.

Wapo wanaosema maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo, ni kadari, na hayo ni katika imani yetu. Lakini Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipokuwa safarini kuelekea Sham na kupata habari ya tauni iliyoingia huko, alishauriana na watu wake kisha akaurudisha msafara Madina. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alieleza kuwa anatoka kwenye kadari moja ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye nyingine. Kufungua dirisha nako ni kadari ya Mwenyezi Mungu.

Wapo wanaosema duka ni dogo, fedha hakuna. Hoja hii tunaiheshimu zaidi, kwa sababu wengi wao ni watu wa kipato cha kawaida. Walakini, mambo mengi yanayohitajika hayadai mtaji mkubwa. Jambo la kwanza ni kuacha kabisa kusafisha kwa petroli, ambayo mbali na sumu yake ni moto unaongoja cheche. La pili ni kuipa hewa njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea, na kuiweka feni ya kuvutia nje upande wa chini, karibu na mahali panaposafishwa, ili imvute mvuke kabla haujafika puani. Feni hiyo isielekezwe kwenye dirisha la jirani, maana dharara haiondolewi kwa dharara mfano wake. La tatu ni kuzifunika dawa daima: chupa yenye mdomo mdogo badala ya ndoo iliyo wazi, na vitambaa vilivyotumika vitiwe katika pipa la bati lenye mfuniko, visiachwe vikitoa mvuke usiku kucha. La nne ni glovu ambazo haziyeyushwi na dawa husika. La tano ni kujua kwamba barakoa ya kitambaa, au ile ya kuzuia vumbi, haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu, na vichujio hivyo hubadilishwa. La sita, kwa anayeweza, ni kubadili dawa yenyewe. Nchini Denmark na nchi nyingine za Ulaya, tangu miaka ya 1990 wapo wachapaji wanaosafisha mashine zao kwa dawa zitokanazo na mafuta ya mimea, ambazo hazirushi mvuke kwa wepesi. Kazi huchukua muda mrefu kidogo, lakini mfanyakazi hurudi nyumbani na kichwa chake kizima.

Aidha, haki hii haiko katika vitabu vya fiqhi tu. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Tanzania Bara upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na maradhi yanayotokana na kazi yanahesabiwa humo pamoja na ajali. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliyaweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi wote. Muislamu mwenye kiwanda asingoje mkaguzi wa serikali amgongee mlango, kwa sababu yuko Mkaguzi asiyehitaji kugonga.

Baada ya mwenye kiwanda, tunawageukia wateja, yaani sisi sote. Kamati za misikiti na madrasa zina mazoea ya kungoja mpaka siku za mwisho za Shaabani ndipo zipeleke ratiba za Ramadhani zikachapwe, kisha hutaka kazi iwe tayari asubuhi. Familia za maharusi nazo hufanya hivyo hivyo kwa kadi. Kazi ya haraka maana yake ni mashine kukesha, milango kufungwa na vitambaa kuchovywa mpaka alfajiri. Tukipeleka kazi zetu mapema tutakuwa tumempunguzia mtu mzigo wake. Na tunapochagua pa kuchapishia tusiulize bei peke yake. Tuingie ndani, tuone wanaofanya kazi wanavuta nini. Kamati ya msikiti ina nguvu kuliko inavyodhani: ikisema kwamba haitachapisha ratiba ya mwezi wa rehema katika chumba kisichokuwa na dirisha, mwenye chumba atalitafuta dirisha.

Mwisho, tunazinasihi familia za wafanyakazi hao. Mama, mke au dada, ukiona kijana wako anarudi kila siku na maumivu ya kichwa yanayompungua siku za mapumziko, usiyapuuze. Hiyo ni ishara kwamba chanzo kiko kazini. Ukimpeleka hospitali, mwambieni daktari anafanya kazi gani na anashika dawa gani, maana daktari asipoambiwa hatatafuta huko. Nguo zake za kazi zivuliwe nje, zisichanganywe na za watoto. Watoto wasipelekwe kushinda kiwandani baada ya shule, na binti mwenye mimba asiachwe kwenye kazi ya kusafisha. Na vijana wanaojifunza kazi bila ya mshahara, ambao mara nyingi ndio wanaopewa kitambaa na tina, nao wana mapafu kama ya fundi wao. Kutokuwa na ujira hakuwatoi katika haki ya hewa.

Ewe ndugu mwenye kiwanda, endelea kuwapa watu wako maziwa kama unaweza, na Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini wape kwanza dirisha. Maziwa ni hisani yako juu yao. Hewa ni haki yao juu yako, na haki hailipwi kwa hisani. Siku ya Kiyama hatutaulizwa tuliwapa pakiti ngapi. Tutaulizwa kuhusu amana tuliyokabidhiwa, na mwili wa mtu anayekutumikia ni katika amana nzito kabisa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awalinde wanaochuma kwa jasho lao, awaponye walio wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na azilainishe nyoyo za wenye mali ziione haki kabla ya hesabu. Amin. Wabillahi tawfiq.